Risala ya mafundi wa programu wa Bukavu: kila mtu na kila seva iwe na ufunguo wake

Kwa Mama Mkurugenzi Mkuu na wajumbe wa Baraza la Uongozi, Kinshasa

Mama,

Sisi ni mafundi wa programu wa ofisi ya Bukavu, pamoja na mastajeri wanaofanya kazi nasi hapa komine ya Ibanda. Jambo hili tumekwisha kulisema kwa mdomo, kwa simu na katika vikao vya Jumatatu, na kila mara tumeambiwa tusubiri. Sasa tunaliandika ili libaki. Dai letu ni moja, na mengine yote yanazaliwa nalo: kila mtu anayegusa msimbo wetu awe na ufunguo wake wa SSH, na kila seva inayojenga programu zetu iwe na ufunguo wake, ili kila linalotendeka lijulikane limetendwa na nani, na ufunguo ukipotea uweze kufutwa peke yake bila kuwafungia wengine mlango.

Leo haiko hivyo. Msimbo wa programu yetu ya mutuele za afya, ile inayotunza michango ya familia, kadi za wagonjwa na hesabu ya dawa katika vituo vya Kadutu, Bagira, Kabare na Walungu, unakaa katika maghala ya Git huko GitHub. Seva mbili zinauchukua huko na kuujenga. Moja imekodiwa Ulaya. Nyingine, ndogo, iko hapa ofisini, na ndiyo tunayoitegemea mtandao wa nje unapokuwa mzito. Zote mbili zinaendesha Jenkins, programu ya kujengea, na zote mbili zinaingia GitHub kwa tokeni moja, yaani mstari wa herufi unaotumika badala ya neno la siri, iliyotolewa kwa jina la mkuu wa zamani wa idara ya ufundi. Yeye ameacha kazi, lakini akaunti yake haijaondolewa, kwa sababu siku itakapoondolewa kila kitu kitasimama. Tokeni hiyo imeandikwa ndani ya anwani ya ghala lenyewe, kwa hiyo imelala wazi katika faili ya .git/config ya kila nakala, katika seva zote mbili na katika kompyuta ya kila mmoja wetu. Stajeri akianza kazi, siku ya kwanza anatumiwa tokeni hiyo kwa WhatsApp.

Tokeni hiyo inasoma na kuandika katika kila ghala ambalo mwenye akaunti anaweza kulifikia. Kazi ya seva ya kujengea ni kuchukua msimbo, kuujenga, kuupima na kutoa toleo. Haina sababu ya kuandika chochote katika ghala. Tumeipa mkono wa kubadili kitu inachotakiwa kukisoma tu, na mkono huohuo tumewagawia watu wote.

Hali hii ilichaguliwa. Tarehe 13 Agosti 2021 GitHub iliacha kupokea neno la siri la akaunti kwa shughuli za Git. Kabla ya hapo ofisi nzima ilitumia neno moja la siri, na siku ile ingekuwa siku ya kupanga upya. Idara ya ufundi ikaona ni haraka zaidi kuweka tokeni moja ya pamoja mahali palipokuwa na neno moja la pamoja, na hivyo ndivyo tulivyo hadi leo.

Mama, lalamiko letu zito kuliko yote linamhusu mtu. Kuna usiku mmoja ambapo mabadiliko yaliingia katika tawi kuu la msimbo, yakaharibu hesabu ya michango, na seva ikayajenga na kuyapeleka vituoni kabla ya mapambazuko. Asubuhi akina mama waliofika dirishani na watoto wagonjwa waliambiwa kwamba hawajalipa, na risiti walikuwa nazo mkononi. Tulirekebisha siku hiyohiyo. Kisha uongozi ukauliza, kwa haki kabisa, nani amefanya hivi. Kumbukumbu za GitHub zilionyesha akaunti ya yule mkuu wa zamani, kwa sababu wote tunaingia kwa jina lake. Ndipo ikatazamwa sehemu ya jina la mwandishi ndani ya Git, likaonekana jina la mwenzetu mmoja, naye akasimamishwa kazi bila mshahara. Hadi leo yuko nyumbani.

Jina la mwandishi katika Git si ushahidi. Kila mtu huliandika mwenyewe katika kompyuta yake, kwa amri ya git config, na Git haiulizi kama ni kweli. Yeyote kati yetu anaweza kuandika jina la mwenzake, au jina lako wewe Mama, na Git italipokea. Linus Torvalds alipoianzisha Git mnamo Aprili 2005 kwa ajili ya watu wanaotengeneza kiini cha Linux, hakukusudia sehemu hiyo iwe hati ya mahakama. Kinachoweza kuonyesha nani amesukuma mabadiliko ni kitambulisho alichoingilia nacho, nasi kitambulisho hicho tumekifanya cha watu wote. Kwa hiyo mwenzetu hawezi kuthibitisha kwamba si yeye, na uongozi hauwezi kuthibitisha kwamba ni yeye. Kila mmoja wetu anajua kwamba usiku mwingine jina litakaloonekana laweza kuwa lake. Tunafanya kazi tukitazamana kwa mashaka, watu tuliosoma pamoja katika vyuo vya ISP na UCB na kula sahani moja. Tunaomba lieleweke hivi: ufunguo wa kila mtu ni ulinzi wa kampuni, na zaidi ya hapo ni ulinzi wa mfanyakazi.

Lalamiko la pili linatokana na Februari 2025. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa tarehe 14, na katika siku mbili zilizofuata wapiganaji wa AFC/M23 wakaingia mjini. Maghala ya chakula yaliporwa, benki zikafunga, na watu wakatawanyika. Wenzetu wengine walishuka hadi Uvira na kuvukia Bujumbura, wengine walivuka Ruzizi wakaingia Kamembe, upande wa Rwanda, wengine walijifungia nyumbani Nguba na Panzi. Kompyuta za kazi zilikwenda na watu, na baadhi zilichukuliwa katika uporaji. Katika kila kompyuta iliyopotea ilikuwamo tokeni ile. Tuliandika Kinshasa juma hilohilo kuomba ifutwe. Jibu lilikuja kwamba tokeni ikifutwa seva zote mbili zitasimama, na kwamba mji ukiwa katika hali hiyo si wakati wa kubadili mitambo. Ni kweli zingesimama. Lakini angalieni maana yake: siri ilikuwa mikononi mwa watu tusiowajua, nasi hatukuweza kuifuta kwa sababu seva zetu zote mbili ziliitegemea hiyohiyo.

Kama kila kompyuta ingekuwa na ufunguo wake, mtu aliyeko Kamembe angepiga simu kusema imekwenda, na funguo za kompyuta hiyo moja zingefutwa kwa dakika moja. Waliobaki wangeendelea na kazi, na seva zisingejua kwamba kuna lililotokea.

Hapa tunadai pia kitu ambacho hakina amri ya kompyuta. Katika barabara zetu mtu anaweza kusimamishwa na wenye silaha na kuambiwa afungue begi. Tunataka iandikwe katika kanuni za kazi kwamba mfanyakazi akidaiwa kompyuta kwa nguvu aitoe, na akidaiwa neno la kuifungua alitaje, arudi salama kwa watoto wake, kisha apige simu. Asihojiwe wala kukatwa mshahara. Mpango wenye funguo za kila mtu unaweza kumpa mfanyakazi ruhusa hiyo, kwa sababu anachokitoa ni chake peke yake na kitakufa saa hiyohiyo. Mpango wa tokeni moja unamfanya abebe mgongoni usalama wa ofisi nzima, na hatukubali mtu wetu yeyote afe kwa ajili ya mstari wa herufi.

Kwa wajumbe wa Baraza ambao si mafundi, tueleze SSH inavyofanya kazi. Iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kutega mtandao wa chuo na kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi. Programu ya ssh-keygen hutengeneza funguo mbili zinazokwenda pamoja. Ufunguo wa siri hauondoki katika kompyuta ulimozaliwa. Ufunguo wa wazi hupelekwa kule tunakotaka kuingia, na hauna siri yoyote. Hata ukibandikwa ukutani pale Feu Rouge, katikati ya watu, hakuna atakayeweza kuingia nao. Tunapoingia, kompyuta yetu hutia saini kwenye data ya kikao hicho kwa ufunguo wa siri, na upande wa pili hukagua saini kwa ufunguo wa wazi. Neno la siri halipiti njiani, na kilichopita hakifai kutumiwa tena katika kikao kingine.

Aina tunayoiomba ni Ed25519, ambayo OpenSSH imekuwa nayo tangu toleo la 6.5 la Januari 2014. Ni imara, na ina faida ambayo anayeishi Bukavu anaijua thamani yake: ufunguo wake wa wazi ni herufi 80, bila jina linalofuata. Ujumbe wa SMS unabeba herufi 160. Maana yake fundi aliyeishiwa mega, au aliye mahali ambapo intaneti imekatwa, anaweza kutuma ufunguo wake mpya kwa SMS moja kutoka simu ya kitochi, kisha akapiga simu na kuisoma alama ya ufunguo huo, yaani muhtasari mfupi unaoutambulisha, herufi kwa herufi, ili anayeupokea ahakikishe haukubadilishwa njiani. Nchi yetu ilikatiwa intaneti kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, hadi karibu tarehe 20 Januari 2019. Atakayetuambia kwamba haitatokea tena hajaishi hapa.

Sasa seva. Tunaomba kila seva iwe na ufunguo tofauti kwa kila ghala inalolijenga, na ufunguo huo usajiliwe kwenye ghala lenyewe, si kwenye akaunti ya mtu, kwa ruhusa ya kusoma tu. GitHub inaiweka nafasi hiyo katika mipangilio ya kila ghala, na ruhusa ya kuandika haipo mpaka mtu aiwashe kwa makusudi. Ufunguo wa namna hiyo haufi fundi aliyeusajili anapoacha kazi, na huo ndio ugonjwa unaotusumbua sasa. GitHub pia inakataa ufunguo uleule usajiliwe kwenye maghala mawili. Wengine wanaliona hilo kuwa usumbufu. Sisi tunaliona kuwa msaada, kwa sababu linazuia uvivu uliotufikisha hapa. Seva inaelezwa katika faili yake ya .ssh/config ni ufunguo upi wa kwenda ghala lipi, basi.

Ufunguo wa seva lazima utengenezwe ukiwa umeingia kwa jina la mtumiaji anayeendesha ujenzi, ambaye kwetu anaitwa jenkins, na si kwa jina la fundi aliyekaa kwenye kiti. Jaribio moja lililofanywa na wataalamu waliotumwa kutoka nje lilikwama hapo. Walitengeneza ufunguo kwa jina lao, wakajaribu kwa mkono, ukafanya kazi, wakapanda gari. Usiku Jenkins ilipoamka yenyewe haikuuona ufunguo wowote, ujenzi ukagoma, na asubuhi Kinshasa ikaandikiwa ripoti kwamba njia ya SSH haifai kwa Bukavu. Njia ilikuwa nzima; ufunguo uliwekwa katika nyumba isiyo yake. Tena faili ya ufunguo wa siri isisomwe na mtumiaji mwingine yeyote, yaani ruhusa yake iwe 600, la sivyo SSH yenyewe itakataa kuutumia; na folda yake iwe 700. Haya tunayajua na tunaweza kuyafanya wenyewe. Hatukuulizwa.

Kuna jambo moja ambalo mwongozo wowote wa nje hautaliamua kwa niaba yetu. Kila mwongozo unasema ufunguo wa siri ufungwe kwa kauli ya siri, ili anayeuiba asiweze kuutumia. Kwa funguo za watu tunakubali bila mjadala: kila fundi awe na kauli yake, ndefu, na asimwambie yeyote. Kwa seva iliyo hapa ofisini haiwezekani. Mji wetu umekaa pale Ruzizi inapotoka ziwani. Kituo cha umeme cha Ruzizi ya kwanza kiko tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na cha pili tangu 1989, lakini delestaji ya SNEL, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, haituulizi tumebakiza nini. Umeme ukirudi saa tisa za usiku seva inawaka yenyewe na lazima iendelee na kazi. Ufunguo wake ukiwa na kauli ya siri, mtu atalazimika kutoka nyumbani usiku, akapande hadi ofisini kuiandika, katika mji ambao mtu mwenye akili hatoki usiku. Tungeanza kuandika kauli hiyo katika faili iliyo kando ya ufunguo, na hapo tungekuwa tunajidanganya.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba ufunguo wa seva usiwe na kauli ya siri, na usalama wake upatikane kwa kuupunguzia uwezo. Usome tu, usiandike. Ufungue ghala moja tu. Usiingie katika seva nyingine yoyote. Ubadilishwe kila robo mwaka, na kila mara mtu mwenye uwezo wa kuingia katika seva hiyo anapoacha kazi. Seva yenyewe ikae katika chumba kinachofungwa, si chini ya meza ya mapokezi ilipo leo. Mwizi akiibeba ataweza kusoma msimbo wa maghala inayoyajenga hadi tutakapozifuta funguo zake asubuhi, lakini hataweza kubadili hata herufi moja ya msimbo ulio katika maghala hayo. Hasara hiyo tunaweza kuivumilia. Tuliyo nayo sasa hatuwezi.

Mjumbe mmoja aliuliza katika kikao kama ni kweli kuna anayehangaika na seva za kujengea. CircleCI ni kampuni ambayo kazi yake ni kujenga programu za wateja wengine. Tarehe 4 Januari 2023 iliwataka wateja wake wote wabadilishe kila siri waliyoihifadhi kwake, tokeni na funguo za SSH zikiwamo. Baadaye ilieleza kwamba programu ya wizi ilikuwa imeingia katika kompyuta ya mhandisi wake mmoja tarehe 16 Desemba 2022. Kampuni ya fani hiyohiyo, yenye wahandisi wengi kuliko sisi, ilipenyezwa kupitia kompyuta moja. Anayeishika seva ya kujengea hana haja ya kuvamia vituo vya afya kimoja kimoja. Seva itampelekea mzigo wake kila mahali, ukiwa na jina letu.

Upo pia upande wa pili wa mlango, ambao haujawahi kutajwa katika kikao chochote. Sisi tunajitambulisha kwa GitHub. Na GitHub nayo lazima ijitambulishe kwetu, ili tusivute msimbo kutoka kwa tapeli aliyejiweka katikati. Inafanya hivyo kwa ufunguo wake yenyewe, ambao kompyuta yetu huuhifadhi katika faili ya known_hosts. Seva zetu zote mbili zimezimwa ukaguzi huo wa SSH, kwa mstari mmoja wa mipangilio aliouweka mtu aliyechoshwa na onyo. Tarehe 24 Machi 2023, saa moja ya asubuhi kwa saa za Bukavu, GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa RSA kwa sababu ufunguo wa siri ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi katika ghala la wazi. Duniani kote seva zilizokuwa na ukaguzi na kuutambua ufunguo huo wa zamani zilisimama na kupiga kelele, mafundi wakaenda kulinganisha alama mpya na ile iliyotangazwa, wakaendelea. Siku zetu za kuhamia SSH zikianza huku mstari ule ukiwa bado upo, tutakuwa tumejenga mlango wenye kufuli upande mmoja. Tunadai mstari huo ufutwe kwanza, na alama za funguo za GitHub zichukuliwe katika ukurasa wake rasmi na kuhakikiwa na watu wawili.

Mpango wa kuhama tunao. Tutatengeneza funguo za watu na za seva huku tokeni ikiendelea kufanya kazi. Tutahamisha ghala moja kwanza, lile la ripoti za ndani ambalo halimgusi mgonjwa, tuliache lijengwe usiku kadhaa pamoja na delestaji zake. Kisha mengine, moja baada ya jingine. Tokeni itafutwa mwisho, na akaunti ya mkuu wa zamani itaondolewa siku hiyo. Kwa fundi anayefanyia kazi mahali ambapo mlango namba 22 umefungwa, GitHub inapokea SSH kwa namba 443 kupitia ssh.github.com, kwa hiyo hakuna atakayebaki nje. Hatuombi vifaa vya kununuliwa ughaibuni. Kavumu imefungwa, na hatutaki jambo hili lisubiri mzigo wa kupitia Kigali. Programu zote zinazohitajika ni za bure na zimo tayari katika kompyuta zetu.

Tunachoomba kutoka Kinshasa ni mamlaka. Leo mtu mmoja tu anaweza kufuta kitambulisho, na msimbo wa kuthibitisha unaingia katika simu yake moja. Kukicha Bukavu, Kinshasa bado iko nyuma kwa saa moja, na siku ambayo simu hiyo imezimika hakuna linalowezekana. Tunadai watu wawili wa Bukavu na wawili wa Kinshasa wawe na uwezo wa kusajili na kufuta funguo, na kuwe na daftari moja linaloonyesha kila ufunguo ni wa nani au wa seva gani, umesajiliwa lini na unafungua nini. Anayeacha kazi, funguo zake zifutwe siku ileile, kwa heshima na bila kumshuku. Mwongozo wa yote haya tutauandika sisi, kwa Kiswahili na Kifaransa, ili stajeri ajifunze siku ya kwanza kutengeneza ufunguo wake badala ya kupokea siri ya watu wengine. Tunadai siku za kazi za kuufanya, zihesabiwe kuwa kazi.

Vilevile kila fundi atie saini mabadiliko yake kwa ufunguo wake. Git inaweza kutumia funguo za SSH kwa saini tangu toleo la 2.34 la Novemba 2021, kwa hiyo hakuna chombo kipya cha kujifunza. Hapo jina la mwandishi litakuwa na kitu nyuma yake.

Tunakumbusha kwamba kadi za wagonjwa ni data za watu. Kanuni ya Mambo ya Kidijitali ya nchi yetu, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inamtaka anayetunza data za watu azilinde. Siku wagonjwa wa Bagira watakapouliza nani aliyekuwa na njia ya kuifikia programu inayozishika, hatuwezi kujibu kwamba ni yeyote aliyewahi kutumiwa ujumbe wa WhatsApp.

Kuhusu mwenzetu aliyesimamishwa, dai letu halisubiri funguo wala seva. Arudishwe kazini sasa na alipwe mshahara aliokatwa, kwa sababu kilichotumika kumhukumu hakithibitishi kitu. Na hadi kila mtu atakapokuwa na ufunguo wake, asiadhibiwe mfanyakazi yeyote kwa kumbukumbu zilizotokana na tokeni ya pamoja. Uchunguzi wa usiku ule ukiendelea tutashirikiana nao kikamilifu. Sisi ndio tunaotaka zaidi kujua.

Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha Baraza, likitaja majina ya watu wanne watakaopewa mamlaka ya funguo na siku tutakayoanza na ghala la kwanza. Kufuta ule mstari unaozima ukaguzi hakuhitaji bajeti wala kikao. Tunaomba ruhusa ya kulifanya hilo kesho asubuhi.

Ni sisi,
Mafundi wa programu na mastajeri wa ofisi ya Bukavu